Eti EU "wamepitisha" kuskani meseji? Soma kura zao hivi

Kila baada ya muda inazagaa habari kwamba Umoja wa Ulaya (EU) wamepitisha sheria ya kuchungulia meseji za watu, ile wanayoiita Chat Control, na wenye ndugu Ujerumani au Uholanzi wanaanza kuulizana kwenye grupu la familia kama wahame WhatsApp. Kabla hujaforwadi angalia kwanza aliyepiga kura ni nani.

Muswada unaandikwa na Kamisheni, yaani chombo cha utendaji cha EU, na huu waliutoa Mei 11, 2022, lengo ni kunasa picha na video za unyanyasaji wa kingono kwa watoto. Alafu kuna Bunge, wabunge 720, na kuna Baraza ambalo ni serikali za nchi zote 27. Mpaka Bunge na Baraza wakubali maandishi yale yale ndo inakuwa sheria, mmoja akipiga kura peke yake huo ni msimamo wa kwenda nao mezani tu. Novemba 2023 Bunge lilishasema app zenye enkripsheni, yaani meseji inafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwa mwenzako tu, zisiguswe. Baraza likaja kuelewana Novemba 26, 2025, tena waliokaa ni mabalozi wa hizo nchi, na kulazimisha kampuni ziskani walikuwa wameshakutoa, ikabaki hiari pamoja na kipengele cha kuja kupima baadae kama ulazima unahitajika (hicho kipengele mi nakiangalia kwa jicho baya kweli).

Sasa hesabu, hapa ndo wengi wanapotelea. Kwenye Baraza zinatakiwa nchi 15 zikubali na hizo nchi ziwe na asilimia 65 ya watu wote wa EU, kwahiyo nchi ikisema "sisi hatuegemei upande" inakuwa sawa na imekataa, maana zinazotafutwa ni ndiyo. Bungeni kwa kura ya kawaida ni tofauti, zinashindanishwa ndiyo na hapana, asiyeegemea kokote hahesabiwi. Ila muswada ukifika usomaji wa pili, yaani Baraza limeshatoa msimamo wake na unarudi bungeni, wabunge wakitaka kuukataa msimamo wa Baraza au kuurekebisha lazima wafike 361, nusu ya wabunge wote na zaidi, hapo mbunge aliyebaki kantini anakunywa kahawa kashalisaidia Baraza bila hata kubonyeza kitufe.

Ndo maana pia Ujerumani ikikohoa wote wanageuka, ina karibu mtu mmoja kati ya kila watano wa EU. Oktoba 2025 Denmark ndo walikuwa wanaongoza vikao vya Baraza na walishapanga kura ya tarehe 14, Ujerumani wakasema hawaungi mkono, kura ikaondolewa. Ubelgiji nao Juni 2024 yaliwakuta hayo hayo. Kwahiyo ukiona kura imetolewa kwenye ratiba usidhani ni mambo ya ofisini, anayeongoza kashahesabu vichwa kaona hazitoshi.

Ukitumiwa skrinshoti ya majina ya wabunge, nenda tovuti ya Bunge utafute kura za majina za siku hiyo, yaani orodha ya nani kapiga kura gani, uone walikuwa wanapigia nini, maana mtu anaweza kukubali rekebisho moja alafu akakataa muswada mzima, na mwenye nia mbaya anakukatia kipande kimoja tu. Kuna ile ya Julai 2021, ndiyo 537, hapana 133, wasioegemea 24, ambayo ilikuwa ni ruhusa ya muda kwa kampuni zinazotaka kuskani zenyewe, hamna aliyelazimishwa. Kwahiyo angalia tarehe, alafu kwenye maandishi tafuta kama wameandika kampuni "inaweza" au "lazima", na kama enkripsheni imetajwa imetajwaje.