Masalia ya programu: mimi naanza na kaunta buku

Kando ya mashine ya fotokopi, hapa dukani kwangu Majengo, Dodoma, kuna kaunta buku ambayo wateja hudhani ni ya madeni. Ni ya programu. Kila ninayoiweka kwenye kompyuta naandika jina lake, kampuni iliyoitengeneza, tarehe na saa. Saa naiandika kama Windows inavyoiandika: saa nne na robo asubuhi ni 10:15, la sivyo utajichanganya mwenyewe. Diski yangu ni ya GB 128, Windows inaisoma 119, kwa hiyo nafasi naibana kama maji mwezi wa kumi.

Siku chache zilizopita mwanafunzi alitaka PDF yake igeuzwe iwe Word. Nikaweka programu ya bure, kazi ikaisha, nikaiondoa. Usianze kwa kufuta folda kwa mkono, maana kile kijiprogramu cha kuiondolea mara nyingi kimo humo humo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, chagua programu, bofya Uninstall, kisha zima uwashe.

Hapo ndipo msako wa masalia unaanza, yaani folda ambazo programu huziacha nyuma hata ikishaondolewa. Windows na R tena, andika %localappdata%. Weka mwonekano wa Details, bofya kulia kwenye vichwa vya safu, tia alama Date created. Date modified usiitegemee, hubadilika kila kitu kikiongezwa ndani. Nikashuka hadi tarehe ya kwenye kaunta buku: folda ya 10:16, ina jina la kampuni wala si la programu. MB 640 zimejilaza tu. Rudia kwa %appdata% na %programdata%.

Ukiona jina usilolijua, liache. Humo humo ndimo Chrome inamoweka alamisho (bookmarks) na nywila zako. C:\Windows\Installer usiiguse kabisa. Windows huihitaji kurekebisha na kuondoa programu nyingine. Rejista (registry, daftari la ndani la mipangilio ya Windows) nayo siihangaikii, masalia yake ni kilobaiti chache.

Hata folda niliyo na uhakika nayo sifuti siku hiyo hiyo. Naibadilisha jina, naongeza “-zamani” mwishoni, nafanya kazi wiki nzima nione kama kuna kinacholalamika. Ile ya mwanafunzi imefikisha siku tano, kimya. Ijumaa naifuta, halafu naichora mstari mwekundu kwenye kaunta buku.