Namna ya Kupima Thamani na Uendelevu wa Kompyuta za Pamoja za Utafiti

Kamati ya utafiti inapoketi kuamua kama klasta ya chuo, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa ili watafiti wazitumie kwa pamoja, iendelee kugharimiwa, aghalabu huwekewa mezani takwimu moja tu, nayo ni asilimia ya muda ambao mashine ilikuwa na kazi. Takwimu hiyo hupatikana kwa urahisi na hupendeza kwenye ripoti, lakini haijibu maswali mawili ambayo kamati ilipaswa kuyauliza kwanza: ni utafiti gani usingefanyika lau klasta hiyo isingekuwapo, na ni nani atakayelipa umeme na mshahara wa msimamizi siku ambayo fedha za mfadhili zitakwisha. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyajibu kwa ushahidi, na umeandikwa kwa ajili ya wakurugenzi wa utafiti, wasimamizi wa mifumo na wanakamati wa vyuo na taasisi zenye klasta ndogo au za wastani.

Rekodi za matumizi

Anza na rekodi za programu inayopanga foleni ya kazi. Klasta nyingi za utafiti hutumia Slurm, ambayo, ikiwa imewekewa hifadhidata ya uhasibu, huandika kwa kila kazi jina la mtumiaji, akaunti yake, idadi ya viini vya kichakataji (sehemu zake zinazofanya hesabu, kila moja kivyake) na kiasi cha memori alichoomba, muda aliosubiri, muda ambao kazi ilichukua na namna ilivyoisha. Chukua rekodi za miezi 12 kamili, kwa sababu mwaka wa chuo una misimu yake: foleni hufurika tasnifu zinapokaribia kuwasilishwa, na mashine hulala wakati wa likizo. Kama akaunti zilifunguliwa kwa majina ya watu bila kutaja miradi, itabidi uketi na wakuu wa idara uzigawe upya. Kazi hiyo inachosha, lakini haikwepeki, maana bila kujua mradi huwezi kuunganisha saa za mashine na ruzuku, tasnifu wala makala yoyote. Asiyetaka kuchora chati zake mwenyewe anaweza kutumia Open XDMoD, programu huria iliyotokana na Chuo Kikuu cha Buffalo nchini Marekani.

Tofautisha viini vilivyoshikwa na viini vilivyofanya kazi. Kama kwenye daladala, kiti kilichowekewa leso dirishani hakina abiria, ila anayekuja nyuma hawezi kukikalia. Mtafiti anayeendesha programu aliyoiandika kwa R, lugha ya takwimu, bila kuiandika upya ili igawe kazi kwa viini vingi kwa wakati mmoja, kwa kawaida hutumia kiini kimoja, hata kama ameomba viini 32, na klasta itaripotiwa kuwa imejaa ilhali sehemu kubwa yake imekaa bure. Linganisha basi muda halisi wa kichakataji na muda ulioshikwa, kwa kila mradi. Pengo likiwa kubwa, dawa yake ya kwanza ni mafunzo ya siku mbili kwa watumiaji, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na nodi mpya, yaani kompyuta moja zaidi ndani ya klasta.

Kuhusu foleni, tazama muda wa kati wa kusubiri (ule ambao nusu ya kazi zilisubiri chini yake na nusu juu yake) badala ya wastani, kwa kuwa kazi chache kubwa zinazosubiri wiki nzima huuvuruga wastani. Wala usishtuke ukiona watumiaji wachache wanatumia sehemu kubwa ya saa zote, kwani hali hiyo ni ya kawaida katika vituo vingi vya aina hii. La kushtusha ni pale watumiaji hao wote wanapotoka maabara moja, kwa sababu hapo kinachoitwa rasilimali ya pamoja ni mashine ya mtu mmoja inayolipiwa na wote.

Gharama yote, si bei ya kununulia

Bei ya mashine ndiyo inayotajwa kwenye hotuba ya uzinduzi, lakini ni sehemu tu ya gharama. Kompyuta kuu (mashine yenye uwezo mkubwa mno wa hesabu, yaani supercomputer) ya Ranger, iliyoanza kazi mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ilitengewa dola milioni 59 na wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani: takriban milioni 30 kwa mashine yenyewe, na milioni 29 kwa kuiendesha na kuwahudumia watumiaji wake kwa miaka minne. Kwa hiyo mpango unaoonyesha bei ya ununuzi pamoja na kifungu kidogo cha "matengenezo" haujakamilika, na mkaguzi ana haki ya kuurudisha.

Orodhesha uchakavu wa vifaa (miaka mitano ni makadirio ya busara), mishahara ya msimamizi wa mifumo na ya anayewasaidia watumiaji, leseni za programu, vipuri, intaneti, viyoyozi, betri za akiba na mafuta ya jenereta. Umeme uupime kwa mita iliyofungwa kwenye saketi ya chumba cha seva, usiukadirie kutoka vibandiko vya nyuma ya mashine. Tuseme klasta ina nodi 20, na kila nodi hula wati 400 kwa wastani. Hizo ni kilowati 8. Ikiwa kupoza chumba na upotevu mwingine unafanya umeme unaoingia uwe mara 1.6 ya ule unaofika kwenye kompyuta, jumla ni kilowati 12.8, yaani uniti 112,128 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300 za Tanzania kwa uniti, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 33. Katika vyuo vingi bili hiyo huingia kwenye akaunti kuu ya chuo, kwa hiyo maabara huishi zikiamini kwamba umeme ni wa bure, na afisa fedha hajui kwa nini bili imepanda. Pande hizo mbili ziketi pamoja kabla ya ripoti kuandikwa.

Sasa gawanya gharama yote ya mwaka kwa saa za viini zilizotolewa kweli. Nodi 20 zenye viini 32 kila moja zinaweza kutoa saa 5,606,400 kwa mwaka. Ikiwa gharama ya mwaka ni shilingi milioni 200 na klasta inatumika kwa asilimia 60, saa moja ya kiini inagharimu karibu shilingi 59. Matumizi yakishuka hadi asilimia 30, saa ileile inagharimu karibu shilingi 119. Gharama nyingi za klasta hazipungui mashine inapolala, na ndiyo maana matumizi, ingawa si kipimo cha thamani, yana uzito katika hesabu.

Kulinganisha na soko

Mtandao wa kompyuta kuu wa XSEDE, uliowahudumia wanasayansi wa Marekani kuanzia 2011 hadi 2022 kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na mpango wa ACCESS, ulifanyiwa tathmini ambayo mantiki yake inafaa kuigwa. Craig Stewart wa Chuo Kikuu cha Indiana na wenzake waliuliza huduma zile zingegharimu kiasi gani kama zingenunuliwa sokoni, kisha wakagawanya jibu kwa kile serikali ilichotumia. Uwiano unaozidi 1 una maana kwamba kumiliki kwa pamoja kulikuwa nafuu kuliko kununua, na ndivyo walivyokuta.

Ukiiga njia hiyo, usilinganishe saa yako na bei ya saa moja ya seva ya kukodi kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni zinazotumiwa kupitia intaneti, ukaishia hapo. Ongeza ada ya hifadhi na ada ya kutoa data nje ya wingu, ambayo kwa kazi za jenomu au picha za setilaiti huweza kuwa nzito; kumbuka kwamba bili huja kwa dola wakati bajeti yako ni ya shilingi; na uliza kama data za wagonjwa zinaruhusiwa kuvuka mpaka chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ambazo Kenya na Uganda zilizitunga mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kwa upande mwingine, ongeza pia kwenye hesabu yako saa ambazo klasta ilizimika kwa kukatika umeme. Kwa maoni yangu, kazi nzito inayoendelea mwaka mzima kwa kawaida huwa nafuu kwenye mashine yako mwenyewe, na kazi inayokuja mara mbili kwa mwaka ikodishiwe wingu bila kuona haya.

Thamani isiyo na risiti

Hesabu makala, shahada na ruzuku zilizotegemea klasta, lakini usizihusishe zote na mashine. Mwaka 2010 Amy Apon na wenzake walionyesha kwamba vyuo vya Marekani vyenye kompyuta kuu kwenye orodha ya mashine 500 bora duniani vilihusishwa na machapisho na ruzuku nyingi zaidi. Hata hivyo, chuo tajiri hununua mashine na huajiri watafiti hodari kwa mfuko uleule, na kutenganisha visababishi hivyo si jambo jepesi. Njia ya kiasi ni kumwomba kila mkuu wa mradi aiweke kila kazi yake katika moja ya makundi matatu: isingefanyika kabisa, ingefanyika kwa kuchelewa au kwa gharama zaidi, au ingefanyika hata kwa kompyuta ya mezani. Kisha omba ushahidi kwa kundi la kwanza pekee, kwa sababu ndilo litakalobeba hoja mbele ya kamati.

Thamani ya utayari nayo itajwe, japo ni vigumu kuiwekea bei. Wakati wa janga la UVIKO-19, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walisoma jenomu za virusi na kufuatilia aina mpya zilivyoenea nchini Kenya. Uwezo wa namna hiyo haununuliwi wiki ile ya dharura.

Uendelevu

Ranger ilizimwa mwaka 2013, na sehemu zake zikapelekwa kwenye kituo cha kompyuta kuu cha Afrika Kusini, CHPC, ili zigawiwe vyuo vya ukanda wa SADC, Tanzania ikiwemo. Mpango huo ulikwenda sambamba na mafunzo ya wasimamizi wa mifumo, na nadhani mafunzo hayo yalikuwa na thamani kuliko vyuma vyenyewe. Nodi moja ya Ranger ilikuwa na viini 16 vilivyogawanywa kwenye vichakataji vinne. Leo kichakataji kimoja cha kompyuta ya mezani kinaweza kuwa na viini 16, kila kimoja chenye kasi zaidi, kwa umeme pungufu. Kabla ya kupokea mashine iliyotumika, pima umeme kwa kazi moja halisi ya watafiti wako kwenye nodi hiyo na kwenye nodi mpya, uone ni baada ya miaka mingapi zawadi itageuka deni.

Kisha andika bajeti ya mwaka mmoja huku mstari wa mfadhili ukiwa sifuri. Je, mshahara wa msimamizi uko kwenye ikama ya kudumu ya chuo au kwenye mradi? Kuna mfuko wa kubadilisha vifaa? Msimamizi akichukua likizo ya mwezi, nani mwingine ana nywila na anajua kuwasha mfumo? Nimeona hoja nyingi kuhusu kadi za michoro na chache mno kuhusu swali hilo la mwisho, ilhali klasta hufa kwa kuondokewa na mtu mmoja mara nyingi kuliko inavyokufa kwa kuharibika. Kagua hifadhi pia, kwani faili zisizoguswa kwa miaka miwili hula diski na nakala za akiba bila mtu kujali, na kanuni ya kuzihamisha au kuzifuta ni bora itungwe kabla diski hazijajaa.

Kutoza ada kwa kila saa huonekana suluhisho, lakini wanafunzi wasio na ruzuku watajitoa, matumizi yatashuka, na bei ya kila saa itapanda kwa hesabu ileile tuliyoifanya. Ni afadhali kutoa mgawo wa bure kwa kila mradi, kumtoza ada anayetaka kipaumbele kwenye foleni, na kuwataka wanaoandika maombi ya ruzuku waweke mstari wa gharama za kompyuta tangu mwanzo. Njia nyingine ni ile inayotumiwa na vyuo vikuu vya Purdue na California tawi la Berkeley, ambako maabara yenye fedha hununua nodi zake na kuziunga kwenye klasta ya chuo, hupewa haki ya kwanza ya kuzitumia, na saa zisizotumika huenda kwa wengine.

Katika ripoti, toa makadirio ya juu na ya chini badala ya takwimu moja, taja ni tukio gani litakalobadili uamuzi (bei ya umeme kupanda, msimamizi kuondoka, udhamini wa vifaa kwisha), na uambatanishe amri zote zilizotumika kuchota rekodi ili atakayerudia tathmini baada ya miaka miwili apate takwimu zinazolinganishika na zako.