Dakika moja ya siki: kupima mlango wa kizazi na kuelewa jibu lako

Nimefanya ukunga Newala miaka mingi, na kuna jambo bado linaniuma. Mama mmoja alikuja kupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, nikamwambia haraka haraka, "Una doa jeupe," kisha nikamwita anayefuata. Akafunga kanga yake akaondoka. Hakurudi mpaka msimu wa korosho ulipokwisha, na kumbe alishawaaga wanawe akijua anakufa. Doa lilikuwa dogo, likachomwa siku hiyohiyo. Sitaki nawe uondoke na nusu ya jibu.

Nenda hedhi ikishakwisha. Siku mbili kabla, usikutane na mumeo wala kujisafisha ndani kwa sabuni au ndimu. Kama una miaka 30 hadi 50, usingoje kuumwa, maana doa la awali haliumi. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi.

Utalala chali, magoti juu. Spekulamu, kifaa cha kupanua uke, ikiingia, vuta pumzi ndefu na ulegeze mapaja. Ukijikaza ndipo inapouma. Mpimaji atapaka siki hafifu, asilimia 3 hadi 5, kwa pamba, kisha atasubiri dakika 1 nzima. Mwombe ahesabu kwa sauti. Mimi huhesabu hadi sitini, na nimeona doa likijitokeza nikiwa kwenye arobaini.

Seli zilizoharibiwa na kirusi cha HPV zimejaa protini, na siki huzigandisha kama moto unavyogandisha ute wa yai, basi panageuka peupe. Tochi tunaikazia kwenye mpaka wa seli za aina mbili kuzunguka tundu, maana madoa mengi huanzia hapo. Doa la kutia shaka ni zito, lina kingo, kama tui la kwanza lililodondoka. Weupe hafifu unaofifia upesi mara nyingi ni maambukizi ya kawaida au sehemu inayopona. Kwa aliyekoma hedhi mpaka huo huwa umerudi ndani, siki haituonyeshi vizuri. Bibi, wewe ulizia kipimo cha HPV. Sampuli yake unaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti.

Usivae mpaka ujue jibu lako. Kama hakuna doa, rudi baada ya miaka 3, au mwaka 1 kama unaishi na VVU. Kama kuna doa, hiyo bado si saratani. Doa lisilotibiwa kwa kawaida huchukua miaka mingi kufika huko, na mengine hupotea yenyewe, ila hatulibahatishi. Likiwa dogo huchomwa kwa joto, chini ya dakika moja. Utatokwa majimaji wiki kadhaa, na kitandani na mumeo mpumzike wiki 4 hadi 6. Hili mwambie akiwa nawe mbele ya muuguzi, asidhani unamkimbia. Baada ya mwaka, upimwe tena.

Pakionekana kidonda kinachotoa damu kikiguswa, au kinyama kilichoota, hapachomwi. Hukatwa kipande kidogo kikapimwe maabara, nawe utapewa rufaa, pengine hospitali ya Ligula Mtwara, pengine hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam. Barua hiyo isilale kwenye mkoba hata wiki. Uliza palepale uende siku gani, umwone nani.

Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, njoo naye siku hiyohiyo. Chanjo ya HPV ni dozi 1.