Kompyuta ya mezani inayokula uniti usiku: jinsi ya kuipanga kwenye BIOS

Mama mdogo alinipigia simu asubuhi: "Mwanangu, jana nimeizima kwa mkono wangu, leo nafungua duka naikuta feni inavuma." Ana duka la steshenari Mbagala, na kompyuta yake ni Dell OptiPlex ya mtumba, ya zile zilizostaafishwa maofisini Ulaya. Usiku umeme ulikatika, uliporudi mashine ikajiwasha na kukesha. Piga hesabu: wati 30 kwa saa 13 ni uniti 0.39. Ikitokea kila usiku, mwezi unaisha na karibu uniti 12 za LUKU zimekwenda bure.

Hatua ya 1: Ingia BIOS

BIOS ni programu ya msingi iliyo ndani ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), inayoamka kabla ya Windows. Washa, gonga F2 mfululizo. Kwenye HP ni F10. Madabodi nyingi za kuunga mwenyewe ni Delete. Kabla hujabadilisha chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Hapa sina mjadala: mashine ya mtumba inakuja na mipangilio ya mwenye nayo wa kwanza, na ukiharibu utataka kujua ilikuwaje.

Hatua ya 2: Iambie ifanye nini umeme ukirudi

Fungua "Power Management", kisha "AC Recovery", chagua "Power Off". Kwenye HP tafuta "After Power Loss". Usichague "Last Power State" kwa kudhani ni njia ya katikati: umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni kabla hujazima, ukafunga duka ukaenda zako, umeme ukirudi saa tatu usiku mashine inawaka, maana ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho. Hapo hapo zima na "Auto On Time". Ya mama mdogo ilikuwa imepangwa kujiwasha kila siku ya kazi alfajiri, kwa ajili ya ofisi isiyokuwepo tena.

Hatua ya 3: Pima betri ya saa

Hii ndiyo iliyonilia mchana mzima. Niliweka "Power Off", nikahifadhi, nikazima swichi ya ukutani, nikawasha. Mashine ikawaka yenyewe. Nikarudi BIOS, maandishi yanasema "Power Off" vile vile. Nikarudisha mipangilio ya kiwandani, nikaanza upya, ikawaka. Nikabadilisha waya wa umeme. Nikaanza kuishuku pawasaplai, nikakaribia kwenda kununua nyingine.

Dalili nilikuwa nayo machoni tangu mwanzo: tarehe ilikuwa nyuma kwa miaka, na mama mdogo alishalalamika kwamba tovuti zinakataa kufunguka, brauza inadai muunganisho si salama. Betri ya CR2032 kwenye madabodi ilikuwa imekufa. Kwenye bodi nyingi za Intel, alama inayoiambia mashine ibaki imezimwa umeme unaporudi hutunzwa katika sehemu inayolishwa na betri hiyo. Betri ikifa na umeme wa ukutani ukikatika, alama inafutika, na ikifutika mashine hujiwasha. Ndiyo maana BIOS ilisema hivi, mashine ikafanya vile.

Chomoa plagi kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Fungua boksi, sukuma kile kishikio kidogo pembeni, betri inaruka yenyewe. Pima kwa mita: mpya husoma volti 3 na kidogo. Ya mama mdogo ilisoma 1.4. Weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu, rekebisha saa, kisha pitia hatua ya 2 tena. Nunua iliyofungwa kwenye pakiti yake. Zile zinazouzwa zikiwa zimechanganywa koponi hugusana na kuisha kabla hujazifikisha nyumbani.

Wakati wa kujaribu, kata umeme ukiwa ndani ya BIOS. Usiukate Windows ikiwa inafanya kazi, utaharibu mafaili.

Hatua ya 4: "Deep Sleep Control"

Mashine iliyozimwa bado inanyonya umeme kidogo. Tazama nyuma: kama taa ya tundu la waya wa mtandao inawaka kompyuta ikiwa imezimwa, ndio huo. Weka "Enabled in S4 and S5" (S4 ni kulala baada ya kuhifadhi kazi diskini, S5 ni kuzimwa kabisa). HP wanaiita "S5 Maximum Power Savings". Kwenye bodi nyingine ni "ErP", jina la sheria ya Umoja wa Ulaya. Ujue gharama yake: hutaweza tena kuiwasha kupitia mtandao, na simu iliyochomekwa kwenye USB haitachaji mashine ikiwa imezimwa.

Hatua ya 5: Prosesa

"SpeedStep" (hupunguza kasi ya prosesa kazi ikiwa ndogo) na "C-States" (huipumzisha ikiwa haina kazi) ziache zimewashwa. "TurboBoost", inayoiongezea kasi kwa muda kazi ikizidi, pia iache. Wako wanaoizima kuokoa umeme. Mimi siwaungi mkono. Duka la steshenari linataka faili lifunguke na kuchapwa haraka, kisha prosesa irudi kupumzika.

Hifadhi, toka, zima. Subiri dakika moja, kisha uchungulie tena ile taa ya nyuma. Ya mama mdogo ilikuwa giza.