Sarafu za Babu Kutoka Mwanza: Ipi Ipelekwe Kupimwa, Ipi Ibaki Kwenye Kopo

Ukienda likizo Mwanza, usishangae shangazi akikutolea kopo la Blue Band lililojaa sarafu kuukuu. "Mwanangu, wewe uko Ulaya, hebu kaulizie hizi zina thamani gani." Swali ni zuri. Ila kabla hujalifunga kopo zima kwenye begi, jua kwamba sarafu nyingi zilizomo humo hazitarudisha hata nauli ya posta.

Kampuni zinazoaminika zaidi duniani kwa kazi ya kupima sarafu ni PCGS na NGC, zote za Marekani, zilizoanza miaka ya 1980. Hazinunui sarafu. Kwanza zinaangalia kama ni halisi, kisha zinaipa daraja kati ya 1 na 70 (kuanzia 60 ni sarafu isiyowahi kuzunguka sokoni), halafu zinaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Unalipia kila sarafu, na juu yake kuna uanachama, posta ya kwenda na kurudi, na bima. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchambua kopo.

Anza kuzitenga za kawaida. Senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati, za Afrika Mashariki ya Mwingereza, zimejaa kila kaya kuanzia Ukerewe hadi Musoma. Ile ya 1936 yenye jina la mfalme Edward VIII huwa inasambazwa WhatsApp kwamba ni mamilioni. Si kweli, mfalme aliachia kiti mwaka huohuo, lakini senti zake zilipigwa nyingi mno. Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1925 ina fedha robo tu, na kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Za Nyerere zenye mwenge, mwachie shangazi wajukuu wachezee.

Rupia za Mjerumani ndizo za kukalisha mezani. Zilianza 1890, na rupia moja ya fedha inatakiwa iwe na gramu 11.66. Nunua mizani ndogo ya dijitali na uwe na sumaku: ikinata, au uzito ukipungua sana, umeshapata jibu bila kulipa mtu. Rupia iliyochakaa ya mwaka wa kawaida haistahili gharama. Rupia 2 za 1893 na 1894 zinastahili, hata zikiwa zimechoka kiasi.

Halafu kuna zile za Tabora. Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amezibiwa bahari na Mwingereza, sarafu hazifiki kutoka kwao, akaamua kuzipiga mwenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Mwanza yenyewe ilimponyoka Julai mwaka huo, Tabora Septemba. Heller 20 za wakati ule (heller ni kama senti ya rupia), za shaba nyekundu au ya njano, zimepigwa ovyo, maandishi yamepinda. Usidhani ni bandia kwa sababu hiyo. Na ziko nyingi. Ya dhahabu ni nyingine kabisa: rupia 15, tembo mbele ya mlima, gramu 7.17 hivi, dhahabu ya machimbo ya Sekenke, na zilipigwa 16,000 na kitu tu. Hiyo usiiuze wala kuinunua bila kupimwa na kampuni hizo, maana bandia zake zipo.

Hapa Mwanza nina onyo moja. Huu ni mji wa dhahabu, Geita iko ng'ambo tu ya maji, na wanunuzi hawakosekani. Ukimpelekea sonara rupia 15 akuambie kama ni dhahabu, atafanya anachofanya kila siku: ataisugua ukingo kwenye jiwe, adondoshee tindikali, kisha akutajie bei kwa gramu. Bei hiyo ni ya kuyeyusha. Na ule mkwaruzo mdogo hautoki tena. Mwombe aipime uzito tu, kisha uirudishe mfukoni.

Kusafisha ni balaa kubwa kuliko sonara. Ndugu wengi, kwa nia njema, wanazisugua kwa limau na majivu au dawa ya mswaki ili zing'ae kabla mgeni hajafika. Wapimaji wanaona mistari ile midogo kwa lenzi mara moja, na sarafu inarudi imeandikwa kuwa ni halisi lakini imesafishwa, bila namba ya daraja. Bei huporomoka. Vivyo hivyo kwa rupia iliyotobolewa iwe kidani cha bibi. Tundu la senti ni la kiwandani, halina shida. La rupia ni la msumari. Kwa hiyo piga simu nyumbani kabla ya kusafiri: asiguse mtu.

Kabla ya kuondoka, zipige picha pande zote mbili, zipime uzito mbele ya wazee, na makubaliano yaandikwe kwenye karatasi yakisema ni za ukoo na umebeba kwa niaba yao. Picha hizo ziweke kwenye kundi la familia siku hiyohiyo. Nimeona undugu ukivunjika kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahitaji kibali kutoa nchini masalia yaliyotengenezwa kabla ya 1863. Rupia za Mjerumani haziingii humo. Sarafu za masultani wa Kilwa zinaingia. Riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ina utata wake, kwani huandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa karne ya 20, na ofisa wa forodha atasoma mwaka alioona. Ulizia mapema.

Ukifika, shika sarafu ukingoni, weka kila moja kwenye kifuko chake kisicho na PVC (aina ya plastiki), kwa kuwa PVC huacha ukungu wa kijani. Selotepu hapana. Unaweza kutuma kama mwanachama au kupitia muuza sarafu aliyeidhinishwa na kampuni, njia ambayo ni nafuu kwa mwenye sarafu moja au mbili. Soma masharti ya msafirishaji, kwa sababu wengi hawalipi fidia ya sarafu hata ukikata bima. Ikirudi, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe na picha zako za Mwanza, mkwaruzo kwa mkwaruzo.