Darubini ya kuangalia ndege, anza na 8x42
Kabla hujatoa hela angalia namba, 8x42 maana yake inavuta mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Wengi wanakimbilia 10x au hata 12x wakidhani ndo bora, kumbe ukivuta sana mkono ukitetemeka kidogo tu picha yote inacheza na eneo unaloona linapungua, yani kandege kanakorukaruka kwenye majani hukapati ng'o! Alfajiri ndo ndege wanachangamka na mwanga bado hafifu, so gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, yani upana kwa milimita wa mwanga unaotoka kuja jichoni, hiyo ikiwa kubwa giza halikusumbui sana. Wavaa miwani, umbali wa jicho na lenzi uwe milimita 15 kwenda juu. Ivae shingoni kwanza, nzito inachosha.