Mradi wa sanamu ya karatasi na maboksi: wazo unalitoa wapi?

Muhula ukikaribia kuisha, wanafunzi hunijia na simu mkononi: "Mwalimu, nifanye hii?" Pichani kuna tembo wa maboksi, kazi ya mtu mwingine kabisa. Tembo anapendeza, ila msahihishaji akikuuliza kwa nini sikio limekunjwa vile, hutakuwa na jibu, kwa sababu uamuzi haukuwa wako. Nafundisha sanaa na mwenyewe natengeneza sanamu za maboksi. Naamini kwa dhati kwamba wazo huja jicho likiwa kwenye kitu halisi na mkono ukiwa kwenye boksi, vyote viwili kwa wakati mmoja. Nitaonyesha njia hiyo kwa kutumia Soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Wewe chukua jengo, mti, jahazi au stendi ya kwenu.

Hatua ya 1: Nenda ukatazame, na uchore

Jengo la Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Ukiinua macho unaona nguzo za zege zinazopanuka juu kama miavuli. Usichore soko zima. Chagua nguzo moja uichore mara kadhaa: inaanzia wapi kupanuka, kivuli kinaangukia wapi, mwavuli mmoja unakutana vipi na jirani yake.

Pembeni ya michoro andika vitenzi tu: inabeba, inapanuka, inafunika, inajirudia. Vitenzi hivi ndivyo mbegu ya kazi yako. Boksi haliwezi kuwa soko, lakini linaweza kubeba, kupanuka na kufunika.

Hatua ya 2: Lijue boksi kabla ya kulitaka kitu

Omba maboksi madukani, mengi hutupwa jioni. Ya friji na televisheni ni mazito, yanafaa kwa mifupa ya kazi. Ya biskuti na sabuni ni mepesi, yanafaa kwa ngozi ya nje. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha jaribu haya:

- Kunja kipande kwa kufuata mifereji ya ndani, kisha kingine kwa kukingamana na mifereji. Cha kwanza kinajipinda vizuri hata kufanya bomba, cha pili kinavunjika kwa makunyanzi. Ukilijua hili mapema hutapoteza boksi zuri.
- Lowesha uso mmoja kidogo kwa sifongo, subiri karatasi ilegee, ibandue taratibu. Mawimbi ya ndani yanabaki wazi: hayo tayari ni bati la nyumba, ni matuta ya shamba, ni maji.
- Kata mpasuo hadi nusu ya kila kipande, viingize viwili vikikingamana. Vinasimama bila tone la gundi.

Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus nchini Ujerumani miaka ya 1920, alikuwa akiwapa wanafunzi karatasi tupu na kuwataka watafute inaweza kufanya nini yenyewe, bila kupoteza kipande. Gazeti likilala ni dhaifu, likikunjwa linasimama wima. Zoezi hili bado sijaona la kulishinda.

Hatua ya 3: Mkunjo mmoja, ufanywe kwa utulivu

Mkunjo huu ulifanywa na wanafunzi wa Albers, na kwangu ndio daraja kati ya karatasi na paa la zege. Usiuruke.

Kata karatasi ya kawaida iwe mraba wa sentimita 20. Chora mistari miwili ya pembe kwa pembe. Ndani yake chora miraba yenye pande za sentimita 16, 12, 8 na 4, yote ikiwa na kitovu kimoja, ili nafasi kati ya mraba na mraba iwe sentimita 2. Pitisha rula na kalamu iliyokwisha wino juu ya kila mstari ili karatasi ijue pa kukunjika.

Sasa anzia nje. Mraba wa 16 ukunje kuelekea juu pande zote nne, wa 12 kuelekea chini, wa 8 juu, wa 4 chini. Kunja upande mmoja mmoja, na uishie kila mara kwenye mstari wa pembe, usivuke. Pembeni patakuwa pagumu mwanzoni: bana kila pembe kwa kidole gumba na cha shahada, mstari wa pembe utajikunja wenyewe kwa zamu, juu na chini. Ukifika katikati, kusanya karatasi yote pamoja kisha iachie. Pembe mbili zinazotazamana zinapanda, mbili zinashuka, na karatasi iliyokuwa bapa inakuwa paa lililopinda kila upande. Hukuilazimisha, mikunjo ndiyo iliyoamua.

Tengeneza nne. Ziunganishe pembe za chini zikikutana katikati, zisimamishe juu ya bomba la boksi, kisha rudi kwenye michoro yako ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: Tazama kazi za wengine ukiwa na swali

Hapa ndipo picha za simu zinaruhusiwa. Anza na Bodys Isek Kingelez wa Kongo (1948–2015). Alifanya kazi Kinshasa, akijenga miji mizima ya kuwaziwa kwa karatasi, kadibodi, vifungashio vya bidhaa, mirija na vizibo vya soda. Mwaka 1994 alikijenga kijiji alichozaliwa, Kimbembele Ihunga, kama jiji la kisasa lenye minara na rangi. Mwaka 2018 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lilimfanyia maonyesho makubwa.

Usiige minara yake. Jiulize swali lake: mahali nilipotoka pangekuwaje kama ningepewa kupajenga mimi? Swali hilo, likikutana na mkunjo wako, ndilo wazo. Mwanafunzi wangu mmoja alijenga gulio la kijijini kwa bibi yake, likiwa na paa ambalo halijawahi kuwa nalo.

Hatua ya 5: Vidogo kwanza, kikubwa baadaye

Tengeneza vielelezo vidogo visivyozidi urefu wa kiganja, haraka, bila kupaka rangi. Vipange dirishani uvitazame kwa mwanga wa asubuhi na wa jioni. Chagua kile ambacho kivuli chake kinakuvutia, halafu kikuze.

Kwa kikubwa, tumia gundi nyeupe ya mbao kwenye maungio. Ngozi ya magazeti ibandike kwa uji wa unga wa ngano, kikombe kimoja cha unga kwa vinne vya maji, na kila tabaka likauke kabisa kabla ya linalofuata, la sivyo kazi itaota ukungu. Kisu kiwe kikali, rula iwe ya chuma, na vidole vikae nyuma ya makali.

Vipande vyote vya majaribio, hata vilivyovunjika, vibandike kwenye daftari pamoja na tarehe na kitenzi ulichokuwa unakitafuta. Msahihishaji atataka kuona ulivyofikiri. Mkunjo wa karatasi ubebe ndani ya boksi lake peke yake, usije ukabonyezwa kwenye daladala.